Pimbi, Nyati na Nyasi Zenye Povu

Nianze, nisianze?

— Anza!

Macho?

— Tumeyafumba!

Masikio?

— Yako wazi!

Basi, hapo kale palikuwa na kilima cha mizeituni. Upepo ukipita, majani yake yaling'aa kama fedha, yakanong'ona, hata mawe yakasinzia. Hapo aliishi Pimbi, mnyama mdogo wa mapangoni, na mzeituni mmoja aliupenda kuliko yote, maana mama yake alimzaa chini ya mti huo.

Mwaka huo mzeituni ule ukaanza kukauka kwenye ncha za majani kana kwamba umeungua, na huku mvua inanyesha. Pimbi akajua. Bakteria wameingia ndani ya mti, wanauzibia maji. Wameletwa na wadudu wanaokulia kwenye povu jeupe la nyasini; wakishaota mbawa, huruka wakanyonya mti huu na ule. Dawa ni nyasi zifyekwe kabla mbawa hazijaota, na mti mgonjwa ung'olewe. Lakini Pimbi atafyeka kilima kizima kwa meno gani? Na mti wa mama ataung'oa kwa moyo gani?

Mara akaja Nyati, tumbo mbele, ku! ku! ku!

"Kilima hiki changu! Nakula zeituni na matawi yake!"

"Kula, Bwana Nyati," akasema Pimbi. "Ila nyasi zenye povu niachie. Ni za harusi ya binti yangu."

"Ati? Hizo ndizo nizitakazo!"

Chwa! chwa! chwa! Akala upande wa mawio, Pimbi akalia. Chwa! chwa! chwa! Akala upande wa machweo, Pimbi akalia zaidi.

"Basi mti ule mkavu usiuguse. Shinani mna asali."

"Ati? Hiyo ndiyo niitakayo!"

Kwachu! Puu! Mti ukalala, mizizi juu. Pimbi akalia tena, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

"Asali iko wapi?"

"Nyuki wamehama nayo, Bwana."

Nyati alikuwa ameshiba hata zeituni moja haikupita kooni. Akashuka akijisifu, "Leo nimemkomesha!"

Pimbi akauchoma mti wa mama, tawi kwa tawi, akiuaga. Mizeituni mingine ikapona, ikaendelea kunong'ona.

Funzo, jamani: shamba halitaki kazi. Tafuteni jirani mlafi, kisha mlie kwa sauti.

Ngano nimeiacha kilimani. Anayeitaka aifuate, ila aende na fyekeo.