Kibati Kilichobaki Mlimani

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mwanamke mmoja aitwaye Eshimendi alisimama kwenye lango la hifadhi ya mlima, akaandika jina lake kwa chaki juu ya kibati. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kwa kuwa herufi ya kwanza ilikuwa imelala upande. Kisha akakitundika kwenye msumari.

Desturi ya lango lile ilikuwa hii. Ukutani palikuwa na ubao mkubwa uliochorwa mlima, wenye misumari kuanzia chini hadi kileleni. Kila apandaye hutundika jina lake juu ya mlima ule, na kila ashukaye hulitoa kwa mkono wake mwenyewe na kulifuta. Jioni, kibati kikibaki, watu hupanda kumtafuta mwenyewe. Na mtu huyo akionekana kwingine, yu hai, ni yeye tu anayegonga ringi ya lori iliyoning'inia pale langoni, ili waliomo mlimani wasikie, wajibu kila mmoja kwa filimbi yake, na kurudi.

Eshimendi aliyasikiliza hayo yote, maana alikuwa mtu wa makini. Lakini alikuwa amekuja kwa sababu amechoka kuitwa. Nyumbani aliitwa, kazini aliitwa, simu ilimwita hata bafuni. Alitaka siku moja tu ya kutokuwa mtu wa mtu yeyote.

Kipupwe kilikuwa kimekaza mwaka ule, na theluji ilikuwa imeshuka hadi kwenye uwanda wa nyasi ambako watu huja kucheza. Waliteleza juu ya magunia ya nailoni, watu wazima na vitambi vyao, wakipiga mayowe. Eshimendi naye aliteleza mara tatu. Halafu akaenda pembeni, akalala chali. Ukungu ukaja. Ukafuta magunia, ukafuta mayowe, ukafuta viatu vyake mwenyewe. Theluji ilimwangukia usoni bila uzito, na kila chembe ilipoyeyuka alihisi kitu chake kimoja kinaondoka: cheo, umri, ukoo, na mwisho jina. Hakujua kama alisinzia. Alijua tu kwamba hajawahi kuwa mwepesi namna ile.

Aliposhuka ilikuwa saa kumi na moja jioni. Watu walisongamana mbele ya ubao. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Alikiona kibati chake kwa mbali, na wepesi ule ungali kifuani mwake, akaogopa kwamba akiligusa jina litamrudia. Nani atashughulika na kibati kimoja? akajisemea. Akapita nyuma ya watu, akateremka hadi nyumba ya wageni, akakausha viatu na soksi kando ya jiko, akanywa chai ya tangawizi, akalala mapema. Usingizini yeye mwenyewe alikuwa theluji, na watu wawili walimkanyaga polepole, wakiita jina ambalo hakulikumbuka.

Asubuhi iliyofuata, mezani, wageni wawili walikuwa wakizungumza huku wakimega mihogo ya kuchemsha.

“Kuna bibie kalala huko juu. Elinihaki, yule mpagazi wa langoni, na mwenzake wamepanda kumtafuta tangu jana jioni, mpaka sasa hawajarudi.”

“Wa mjini huyo. Alifuata kupiga picha, sasa baridi imempiga yeye.”

“Cheka tu. Mimi simlilii huyo, namlilia Elinihaki. Kifua chake kile!”

Eshimendi akaweka kikombe chini. Pale mezani hakuna aliyelijua jina lake. Basi la kurudi mjini lilikuwa linaondoka saa moja na nusu. Angeweza kumaliza muhogo wake, akaondoka mwepesi kama jana. Akatazama dirishani. Mlima haukuonekana, palikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe ule watu wawili.

Akaiacha chai, akapanda mbio hadi langoni. Mlinzi wa lango, Mama Ndekusara, alikuwa amejifunika blanketi, macho mekundu kwa kukesha.

“Shikamoo, mama. Nilishuka jana. Naomba unigongee.”

Mama aliitazama miguu ya Eshimendi, na viatu vikavu. Kisha akampa kipande cha nondo.

“Jina lako bado liko mlimani, mwanangu. Kalishushe.”

Eshimendi akagonga. Wapagazi waliokuwa wakiota moto wakageuka kumtazama, na mmoja akatema mate chini. Akagonga tena. Masikio yalimwaka kwa aibu, na uzito wote ukamrudia, cheo na umri na ukoo. Kutoka mawinguni filimbi ikajibu. Moja. Akangoja ya pili. Haikuja. Akagonga hadi kiganja kikachubuka, na ndipo ya pili ikasikika, nyembamba, ikikatikakatika kama pumzi ya mtu mwenye kifua.

Pale ubaoni, kando ya kibati chake, aliviona vingine viwili. Hakukigusa chake. Alisimama hapo hapo hadi Elinihaki aliposhuka akikohoa, ameegemea bega la mwenzake, akatoa kibati chake, na mwenzake akatoa chake. Ndipo Eshimendi akalishusha jina lake, akalifuta taratibu, herufi moja moja.

Na wewe unayeota moto ukijihesabu kuwa si mtu wa mtu, ni nani aliyeko kwenye theluji asubuhi hii akiliita jina lako?