Karamu Ndani ya Ngitiri

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma huko sijawasikia. Na nyie wakubwa mlioshika vikombe, itikieni pia, hii inawahusu zaidi. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kale hiyo, kale ya kale, wanyama wa nyika walikuwa na mtunza malisho wao, Mzee Kongoni. Kazi aliianza pembe hazijakomaa, akazeeka nayo. Kazi yenyewe ni hii. Mvua zikianza, anazunguka bonde la mashariki, anafunga mafundo ya majani mpakani. Bonde hilo wakiliita ngitiri. Fundo likishafungwa, hakuna kutia mdomo. Nyasi zinasimama, zinakomaa, zinangoja kiangazi. Kiangazi kikibana, kwingine kumebaki vumbi, mzee anafungua, na kila mwenye kwato anakula. Alizunguka akiimba:

*Masika tufunge, kiangazi tule,*
*ndama wa huku, ndama wa kule.*

Mwaka mmoja, katikati ya masika, Pundamilia akaita wenzake. Akasema, “Jamani, huyu mzee ametutumikia maisha yake yote. Tumempa nini?”

“Hata asante hatujampa,” akasema Mama Nyumbu, na tumbo lake kubwa, mjamzito.

“Basi tumfanyie karamu. Karamu ya kutajwa.”

“Tutakula wapi?” akauliza Ngiri. “Huku tumekwangua, majani mafupi kama ndevu zangu. Ngitiri si iko? Nyasi zimefika kifuani. Kazitunza mwenyewe, atasema ni mbaya?”

Wakacheka. Wakakubali wote. Mnaona hao? Wanamshukuru mzee kwa kuila kazi yake. Na nia yao ilikuwa njema.

Wakamwalika mzee na wageni wa mbali, mahali wakaficha. Siku yenyewe asubuhi wakamfuata kwa ngoma, ndu, ndu, ndu. Wakamvika maua kwenye pembe zake. Mzee Kongoni akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Wakapita kisima, wakapita kichuguu, wakakata mashariki.

“Wajukuu zangu, mbona huku?”

“Twende tu, babu,” akasema Pundamilia.

Akaona fundo la kwanza limekanyagwa.

“Tunakula ngitiri? Masika haya?”

“Kwa heshima yako, babu. Mvua zipo, mawingu yamejaa tele.”

Mzee akawatazama. Wageni wengine wametoka mbali. Akiwafokea, nani atamsikia, na ngoma ile? Akinyamaza, kiangazi watakula nini? Akaliona tumbo la Mama Nyumbu. Huyu atazaa kiangazi. Atamnyonyesha mtoto vumbi?

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mkubwa anayeheshimiwa ndiye anayefungua chakula. Yeye hajala, hakuna anayekula. Hata mtovu wa adabu hakuthubutu.

“Babu, tufungulie,” akasema Pundamilia.

“Asante, mjukuu wangu. Bado.”

Wakangoja. Jua likapanda. Matumbo yakaanza, ngrrr, ngrrr.

“Babu, hata jani moja.”

“Asante. Bado.”

Ngiri akasema, “Uso mrefu wote huo, na mdomo haufunguki?”

“Uzee huo,” akajibu mzee. “Wewe kaa, utauona.”

Naye njaa ilikuwa inamuuma. Tangu jana hakula, akiiwekea nafasi karamu. Harufu ya nyasi ikampanda puani. Akameza mate. Akasimama.

Jua likainama. Pundamilia akamsogelea. “Babu, unatuaibisha mbele ya wageni.”

“Nishukuruni kiangazi, wajukuu zangu. Siku hiyo nitakula nanyi.”

Mama Nyumbu akageuka wa kwanza. “Mimi narudi kwenye majani yangu mafupi. Tumbo hili halijui karamu.” Akatoka huyu, akatoka yule. Ngiri akaondoka akinung'unika, “Karamu gani hii ya kula mate?” Hakuna aliyemuaga mzee. Akabaki na maua yake kwenye pembe, anafikiri, kazi ya maisha yangu, na mwisho wake naonekana mchoyo.

Mvua zikakatika mapema. Mawingu yale yaliyojaa tele, yakaenda zake. Kiangazi kikaja kikali, kisima kikawa tope, nyika ikawa vumbi, tifu, tifu. Mama Nyumbu akazaa, maziwa hayashuki. Ndama akasimama, akaanguka. Akasimama, akaanguka.

Wakaja asubuhi, bila ngoma. Wakasimama mpakani, macho chini.

“Babu,” akasema Pundamilia, “tumekuja.”

Mzee Kongoni hakuuliza la karamu. Akafungua fundo, akatangulia, wakamfuata. Kwacha, kwacha, kwacha, bonde zima linatafuna. Zikapita siku, maziwa ya Mama Nyumbu yakashuka, ndama akashika chuchu, mkia ukacheza. Mzee akashusha pumzi, fuuu, kama aliyetua mzigo wa kuni.

Pundamilia akasema, mdomo umejaa, “Babu, masika yajayo nitazunguka mimi.”

“Utachoka.”

“Nitachoka.”

“Na watakutukana.”

“Ngiri ameshaanza,” akasema Pundamilia, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Basi wanangu, na nyie wenye vikombe: aliyewatumikia mkitaka kumshukuru, tunzeni alichokitunza. Msimfanyie sherehe kwa kukimaliza.

Hadithi yangu imefika kwake, imelala. Nasi tukalale.