Mkeka wa Watani

Paukwa!

Pakawa!

Palikaliwa na nani?

Tuambie wewe!

Nitawaambia, ila sogeeni. Sogeeni mpaka magoti yagusane. Na hapa pembeni pangu, kwenye mkeka huu mdogo, asikae mtu kwanza. Nimesema asikae! Wewe unayecheka, ngoja kidogo, sababu utaijua.

Hapo zamani za kale, kuku aliposema na mtu akamsikiliza, kulikuwa na kilima, na chini ya kilima palikuwa na bonde. Watu wa kilimani na watu wa bondeni walikuwa watani. Utani wao ulianzaje? Wengine husema ulianza kwa vita, wengine kwa njaa. Mimi nasema hakuna anayekumbuka, walichokumbuka ni matusi tu. Wa kilimani waliwaita wenzao wala kambare wa matope. Wa bondeni wakawaita wenzao walamba vijiko.

Lakini mtu akifa upande mmoja, wa upande wa pili waliacha majembe wakaja. Wao ndio waliochimba, wao ndio waliopika, wao ndio walioteka maji. Na wao ndio waliofanya mzaha. Walitandikiwa mkeka wao karibu na mlango, wakafungiwa kuku wao kwenye nguzo. Kabla ya maiti kushushwa, mtani mmoja alishuka kaburini, akajilaza, akagoma kutoka mpaka aahidiwe kuku. Wafiwa walikasirika, kisha wakacheka, kisha wakalia vizuri. Ndiyo ilikuwa dawa yao.

Kilimani aliishi mwanamke mfinyanzi, jina lake Nyanzala. Mumewe aliitwa Kasanda, mtu wa tumbo kubwa na roho nzuri. Kasanda hakuogopa simba, hakuogopa chatu, hakuogopa radi. Aliogopa chura. Msimu mmoja wa masika chura aliruka akaingia ndani! Kasanda akatoka, akapanda juu ya paa, akakaa huko na mvua yake mpaka chura alipoamua kwenda zake. Siku hiyo Nyanzala alicheka mpaka akaangusha chungu.

Bondeni aliishi Mwasiti, mtani wa Nyanzala na rafiki yake tangu walipokuwa wasichana. Udongo wa kufinyanga ulichimbwa kando ya shamba la kina Mwasiti. Kila Nyanzala aliposhuka kuchimba, walitukanana, wakachimba pamoja, wakasaidiana mzigo mpaka nusu ya njia.

Basi Kasanda akashikwa na homa. Homa haikutania. Kasanda akafa.

Watani wakaja. Wakachimba, wakapika, wakateka maji. Na kaburi lilipokuwa tayari, Mwasiti akajifunga kanga kiunoni, akaruka ndani.

"Ngojeni kwanza!" akapiga kelele kutoka chini. "Msimlete bado! Acheni nikague kama humu mna chura!"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Nyanzala hakucheka. Kitu kilikatika ndani yake.

"Toka!" akasema. "Toka kaburini kwa mume wangu! Toka kilimani kwetu! Tokeni nyote!"

Wazee wakashika vichwa. "Nyanzala mwanetu, mtani hafukuzwi."

"Mimi nimemfukuza."

Watani wakaondoka. Mwasiti aliondoka wa mwisho, udongo wa kaburi miguuni. Mkeka wao ukabaki umetandikwa. Jogoo wao, mwekundu asiye na mkia, akabaki amefungwa kwenye nguzo. Hakuna aliyethubutu kuukunja, kwa maana mkeka wa watani hukunjwa na watani wenyewe.

Na mkeka, wanangu, haukai mtupu.

Kesho yake, jua lilipofika utosini na vivuli vikajificha chini ya nyayo, Nyanzala alitazama mlangoni akaona mtu amekaa kwenye ule mkeka. Hakumwona akija. Alikuwa mrefu hata alipokaa. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Uso wake ulikuwa laini kama chungu kibichi: macho yapo, pua ipo, na chini ya pua hakuna kitu. Hakuwa na mdomo. Lakini alisema, na sauti yake Nyanzala aliisikia ndani ya kifua chake mwenyewe.

"Nyamaza, Nyanzala. Anayecheka amesahau."

"Wewe ni nani?"

"Mkeka ulikuwa wazi."

Nyanzala akaingia ndani kukanda udongo. Alikuwa na wimbo wake wa kukandia, wa tangu utotoni. Akafungua kinywa.

"Nyamaza, Nyanzala," akasema yule Mgeni wa mkekani. "Anayeimba amesahau."

Wimbo ukapotea. Akautafuta kichwani, asiuone.

Siku nyingine majirani wakaja na uji na maneno ya pole. Nyanzala akataka kuwaitikia.

"Nyamaza, Nyanzala," akasema Mgeni. "Anayeongea amesahau."

Maneno yakapotea. Akawafungia mlango.

Siku nyingine alikuta jembe la Kasanda nyuma ya nyumba, mpini umeng'aa kwa mikono yake. Machozi yakampanda.

"Nyamaza, Nyanzala," akasema Mgeni. "Hata anayelia ameanza kusahau."

Machozi yakakauka. Toka hapo Nyanzala hakucheka, hakuimba, hakuongea, hakulia. Alifinyanga tu.

Na vyungu vyake viliharibika kwa namna ya kutisha. Alivifinyanga na midomo, kama kawaida, akiizungushia kidole gumba. Alivichoma na midomo. Lakini alipofukua majivu asubuhi, vyungu havikuwa na midomo. Vilikuwa vimeziba, laini, duara. Akavipanga ukutani kimoja baada ya kingine, vikamtazama bila macho. Watu wakaanza kupita njia ya mbali. Walisema mchana, upepo ukitulia, ndani ya vile vyungu kunasikika kitu, kama mtu anayetaka kusema na amefumbwa.

Mgeni akasema, "Finyanga mtungi mkubwa, Nyanzala. Mkubwa wa kukuenea wewe. Utaingia, nami nitauziba. Humo hutacheka, na hutasahau kamwe."

Na Nyanzala, maskini, akaona ni maneno ya busara. Huzuni ikikaa peke yake hujiona ina akili. Akaanza kufinyanga. Mtungi ukafika magotini. Ukafika kiunoni. Ukafika mabegani.

Paukwa! Mmelala?

Pakawa! Hatujalala!

Nilidhani mmeingia mtungini.

Basi yule jogoo, aliyefungwa nguzoni, aliyaona yote. Kila siku aliidonoa kamba yake, na kila siku Mgeni alimtazama naye akajifanya amelala. Mtungi ulipofika mabegani, kamba ikakatika. Jogoo akateremka bondeni mbio. Akamkuta Mwasiti anatwanga mtama.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?"

"Mimi. Kuku wako."

Mwasiti akatazama chini. "Kuku wangu yupi?"

"Wa msibani. Ulipaswa kunila, ukaondoka. Usidhani nimekuja kwa kupenda."

"Rudi kwenu. Mwenye msiba alinifukuza mbele za watu. Na mimi nina moyo, si jiwe la kusagia."

"Na mimi nina shingo, lakini nimekuja," akasema jogoo. "Mama, kuna kitu kimekaa mkekani kwako. Kimemnyamazisha mwenzako. Leo jua likifika utosini, anaingia mtungini."

Mwasiti akaweka mchi chini. Hasira alikuwa nayo bado, nisiwadanganye. Aliibeba hivyohivyo, akapanda nayo kilima, jogoo mbele.

Alipofika uani, hapakuwa na sauti. Nzi hawakulia. Majani hayakutikisika. Vyungu vimejipanga ukutani, uso kwa uso naye. Mgeni amekaa mkekani. Katikati ya ua umesimama mtungi mkubwa uliokaushwa juani, na kando ya mtungi amesimama Nyanzala, amekonda, macho makavu.

Mwasiti aliogopa. Anayesema yeye angekuwepo asingeogopa, huyo kesho nimpeleke.

"Hodi nyie walamba vijiko!" akaita, na sauti ikamtetemeka. "Mtani amefika, mmeficha sufuria wapi?"

Nyanzala hakugeuka. Mgeni akasema, "Nyamaza," na Mwasiti akaisikia sauti hiyo ndani ya kifua chake mwenyewe.

Akajitia moyo. Akatoa tumbo mbele, akaweka mikono nyuma, akatembea uani anayumba kama alivyotembea Kasanda akitoka kula. Akapiga na mbweu ya Kasanda ile ile.

Nyanzala hakutazama. Mgeni akazidi kurefuka. "Nyamaza," akasema, na midomo ya Mwasiti ikaanza kunata, kama imepakwa udongo.

Jua likafika utosini. Nyanzala akainua mguu, akauweka kwenye ukingo wa mtungi.

Hapo Mwasiti hakufikiri. Alikimbia, akamsukuma mwenzake chini, akaruka yeye ndani ya mtungi. Akaingia mpaka kiunoni. Akakwama. Mtungi ulifinyangwa kwa kipimo cha Nyanzala aliyekonda, na mwenzetu Mungu alimjalia nyonga.

"Sitoki!" akasema Mwasiti kwa midomo inayoziba. "Sitoki humu mpaka nipewe kuku wangu!"

"Msimpe!" akasema jogoo.

Mgeni akainuka. Akatwaa donge la udongo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika Mwasiti kichwani, akamkandamiza. Nyonga zikapita. Mabega yakapita. Kichwa kikapita. Mgeni akaanza kuziba. Mle ndani giza likamfunika Mwasiti, midomo ikashikana, ikabaki nafasi ndogo pembeni, ya neno moja au mawili.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungeomba msaada. Ungemlaumu aliyekufukuza. Mwasiti alijua maneno hayo hayatamfikia Nyanzala. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyotoka mtungini kama inatoka kaburini:

"Nyanzala... humu mna chura!"

Nyanzala akiwa pale chini alipoangushwa, pembe ya mdomo wake ikacheza. Akaufunika kwa mkono. Mabega yakacheza. Akayakaza. Tumbo likacheza, na tumbo halishikiki. Kicheko kikamtoka, kibovu, kikavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Nyamaza!" akasema Mgeni. "Anayecheka amesahau!"

"Nimesahau nini?" akasema Nyanzala. "Kasanda angekuwa juu ya paa sasa hivi!"

Ndiyo mara ya kwanza kulitaja jina hilo tangu mazishi. Alipolitaja akamwona, tumbo lake, mvua yake, miguu yake inaning'inia kwenye paa. Akacheka na kulia pamoja, machozi na kamasi, hakuna aliyeweza kutenganisha. Na kule ukutani, chungu cha kwanza kikapasuka, pa! Ukatoka wimbo. Cha pili, pa! Yakatoka maneno. Vingine vyote vikafuata, ukatoka ule msiba mzima aliokuwa ameufungia, ukajaa uani mpaka majirani wakausikia.

Nyanzala akashika jembe la Kasanda. Akaupiga mtungi, ukavunjika. Mwasiti akatoka amejaa vumbi, anakohoa.

"Mtungi gani huu?" akasema. "Nyie walamba vijiko hata vyombo mnafinyanga kwa ubahili!"

Nyanzala akamkumbatia. "Nilikufukuza, Mwasiti."

"Ulinifukuza, nami nilikasirika. Bado nimekasirika. Lia kwanza, tutagombana baadaye."

Mgeni akageuka kurudi mkekani kwake. Akakuta pana mtu. Jogoo mwekundu asiye na mkia alikuwa ameketi katikati, amejitanua.

"Mkeka huu una mwenyewe," akasema jogoo.

Mgeni akamtazama Nyanzala. "Mkeka huu una mwenyewe," akasema Nyanzala.

Akamtazama Mwasiti. Mwasiti akamsogeza jogoo, akakaa. "Mwenyewe ndiye mimi."

Mgeni akaondoka kwa njia ya katikati ya ua, mrefu, wa majivu, bila kuacha alama ya mguu. Alikoelekea hakuna ajuaye. Husemekana anatembea nyumba hadi nyumba akitafuta palipo na msiba na mkeka wazi.

Msidhani Nyanzala alipona siku hiyo. Aliendelea kulia siku nyingi, na siku nyingi Mwasiti alipanda kilima kumtukana. Vyungu vikarudi kuwa na midomo. Na kila Nyanzala alipofinyanga mtungi mkubwa, alichungulia ndani kwanza, akauliza, "Kuna chura?" kisha akafuta macho, akaendelea na kazi.

Mafunzo yake ni haya: mwenzako akifikwa, nenda. Akikufukuza, nenda tena. Ukiwa huna dawa, mpelekee mzaha, maana penye kicheko na kilio pamoja kile kitu hakikai.

Na jogoo je? Ninyi mnawaza nyama tu! Alidai aachwe kwa huduma aliyotoa. Wakamwacha. Akafa kwa uzee, na kwenye msiba wake nilikuwepo. Niliomba paja, nikapewa mchuzi wa kambare.

Hadithi imefika mlangoni, aliyekuja nayo ameitua, anayeitaka na aibebe. Sasa wewe uliyefiwa juzi, uliyekaa kule gizani peke yako tangu jioni, ndiyo, wewe, mla kambare wa matope: mkeka huu niliuweka kwa ajili yako. Njoo ukae. Angalia tu usikalie chura.