Jiwe la Rais na Kigingi cha Makamu

Siku wanyama walipochagua viongozi wao, walikuwepo Simba mwenye manyoya mengi na majivuno mengi zaidi, Sungura mjanja, Fisi asiyeshiba, Tembo, Swala na dada zake, Ngiri, Nungunungu, na Mama Kanga pamoja na vifaranga wake saba. Kitindamimba wa vifaranga hao aliitwa Kidoti. Alikuwa mdogo mno, hata mama yake alikuwa akimhesabu mara mbili kwa hofu ya kumsahau.

Walikutana kwenye mchanga wa mto uliokauka, maana mvua ilikuwa imekataa kunyesha kwa msimu wa pili. Miaka ya nyuma, chama kilichoshinda kilikunywa maji yote, na chama kilichoshindwa kililamba umande.

"Tumechoka kuzikana," alisema Tembo. "Atakayepata mstari mrefu atakuwa rais. Atakayemfuatia atakuwa makamu wake, hata kama ni wa chama kingine."

Wakapanga mistari. Simba wa Chama cha Makucha alishinda. Sungura wa Chama cha Majani alimfuatia, akapungukiwa na mmoja tu.

"Na huyo mmoja ni Kobe," alisema Sungura. "Bado yuko njiani."

Tembo akachimba kisima kwa pembe zake. Alikifunika kwa ubao, akaukaza ubao kwa kigingi, na juu ya ubao akaweka jiwe kubwa. "Jiwe hili ataliinua rais peke yake," alisema. "Kigingi atakivuta makamu peke yake. Hivyo hakuna atakayekunywa bila mwenzake." Kisha akaondoka na kundi lake kwenda ng'ambo ya vilima.

Lakini palikuwa na mwiko wa tangu mababu: waliogombea uongozi hawasemezani mpaka mvua inyeshe. Basi ikabidi atafutwe tarishi wa kuwapelekea maneno.

"Nitumeni mimi," alisema Fisi. "Mimi sina chama. Nina tumbo tu."

Wote wakacheka, wakamchagua. Hapo ndipo walipokosea.

Kila alfajiri Mama Kanga alikuwa wa kwanza kufika kisimani, na kwa sababu alifika mapema aliona mambo ambayo wengine hawakuyaona. Simba aliinua jiwe kwa bega. Sungura alipojipenyeza chini yake kuvuta kigingi, Simba aliweka mkono wake wa kushoto chini ya ukingo wa jiwe. Kama jiwe lingeteleza, lingeuponda mkono wake kwanza kabla ya kumfikia Sungura. Naye Sungura akishatoka, akiwa amelowa, alikung'uta masikio yake juu ya vifaranga ili wapate matone ya kwanza. Kisha alipita kwenye njia ya Simba, aking'oa miiba kwa meno yake. Hakuna aliyesema neno. Mama Kanga naye hakusema. Aliyaweka moyoni.

Fisi hakufurahi. Kisima kikiwa wazi, kila mnyama alikuwa na nguvu za kukimbia, na mnyama anayekimbia haliwi kwa urahisi. Akaenda kwa Simba, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Mheshimiwa Rais, naogopa hata kutamka. Makamu wako anasema hatavuta kigingi tena mpaka umwoshe miguu mbele ya wanyama wote."

"Miguu yote minne?" Simba alinguruma.

"Na mkia, Mheshimiwa."

Kisha Fisi akakimbilia kwa Sungura. "Bwana Makamu, jihadhari. Rais anasema ukiingia tena chini ya jiwe, atalegeza bega."

Kesho yake Simba hakufika kisimani. Sungura naye hakufika. Keshokutwa ikawa vivyo hivyo, na siku ya tatu pia. Ngiri alilala kivulini, hakuweza hata kufukuza nzi. Fisi akawa anamzunguka kwa upole mwingi.

"Pole, ndugu yangu. Hivi wewe ni wa chama gani?"

"Majani," Ngiri alijibu kwa shida.

"Usijali. Aliyekufa kwa kiu hana chama."

Jioni ile Kidoti aliacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha Mama Kanga, maana Kidoti alikuwa mdogo kwa kila kitu isipokuwa sauti. Alimfunika kwa bawa lake akasikia moyo wake ukipiga upesiupesi, kama vidole vya mtu mwenye haraka. Fisi akapita karibu, akaangalia.

"Watoto saba ni wengi, Mama Kanga. Huyo mmoja hata hutajua kama amepungua."

"Nitajua," alisema Mama Kanga. "Huwa namhesabu mara mbili."

Asubuhi na mapema aliwaachia dada za Swala vifaranga wake, akaenda kwa Sungura.

"Baba Sungura, ni nani aliyekwambia Simba atalegeza bega?"

"Tarishi."

"Mimi nimemwona Simba kila alfajiri akiweka mkono wake chini ya jiwe ukiwa ndani. Anayetaka kukuponda, atautanguliza mkono wake?"

Sungura akakuna shingo kwa mguu wa nyuma. Kisha masikio yake yakasimama. "Sasa nenda kwa Simba, mama. Mwambie amtume Fisi aje kunisalimu. Salamu tu. Halafu aje ajilaze kwenye nyasi kavu nyuma ya kichuguu changu, na asikohoe."

Mama Kanga akaruka hadi kwa Simba. Alimkuta amekasirika, na miguu imejaa miiba.

"Mheshimiwa, unadhani nani alikuwa anang'oa miiba katika njia yako?"

"Miiba huniogopa," alisema Simba.

"Haikuogopi. Alikuwa Sungura, kwa meno yake. Sasa nisikilize, mwanangu anakufa."

Simba alimtazama ndege yule mdogo. Hakuna aliyewahi kumwambia "nisikilize". Akasikiliza.

Haukupita muda mrefu, Fisi akafika kwenye kichuguu cha Sungura akihema.

"Rais ametuma neno gani leo?" aliuliza Sungura.

"Baya kuliko lile la kwanza! Anasema akikupata chini ya jiwe atalala juu yake mpaka uwe mwembamba kama jani."

"Amesema hivyo kweli? Kwa sauti gani?"

"Kwa sauti ya kutisha. Hivi: Nguuuru..."

Nyuma ya kichuguu ikasikika ngurumo nyingine, kubwa mara kumi, na manyoya ya Simba yakainuka kutoka kwenye nyasi. Mkia wa Fisi ukajificha katikati ya miguu.

"Mheshimiwa, nilikosea neno moja tu!"

"Lipi?"

Fisi akafikiri. "Yote."

Wanyama wakakusanyika kisimani. Simba na Sungura wakasimama kila mmoja upande wake wa jiwe, wasijue la kufanya, kwa kuwa mwiko ulikuwa bado mwiko.

"Mmekatazwa kusemezana," alisema Mama Kanga. "Hamkukatazwa kusema na jiwe."

Simba akakohoa. "Jiwe, yuko mmoja hapa mwenye meno mazuri ya kung'oa miiba. Njia yangu imekuwa mbaya siku hizi tatu."

"Jiwe," alisema Sungura, "mwambie mwenye mkono mpana asiuweke tena chini yako. Ataumia."

"Jiwe, mwambie hayo hayamhusu."

Wanyama wakacheka mpaka Nungunungu akamchoma jirani yake. Simba akainama, akainua jiwe kwa bega, mkono wake ukiwa palepale. Sungura akaingia, kigingi kikatoka, maji yakang'aa. Masikio yalipokung'utwa, tone la kwanza lilimwangukia Kidoti mdomoni. Akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili. Kisha akalia kwa sauti ambayo ilisikika hadi vilimani, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Fisi alivuliwa utarishi. Hukumu yake aliitoa Mama Kanga: awe anakunywa wa mwisho, baada ya Kidoti. Na Kidoti akinywa, alikunywa tone moja, akatazama juu, akameza, akatazama wenzake, akanywa jingine. Fisi alisubiri kila siku, ulimi ukining'inia.

Mkono mmoja haulei mwana.

Mvua ilinyesha siku ya ishirini baada ya hukumu hiyo, na wakati huo Kidoti alikuwa amekwisha kujua kuruka.