Vidonge Vilivyobaki

Wahenga walituambia zamani kwamba mlango wa faraja hauvunjwi, hufunguliwa, na anayejua kungoja ndiye huingia. Lakini nani husikia akiwa na haraka zake?

Mama Sindano, fundi cherehani, hakujua kutupa kitu. Vipande vya kitambaa, vifungo visivyo na wenzake, nyuzi za shibiri moja, vyote alivitia koponi akisema, "Cha kubaki kina siku yake." Kikohozi kilipomkamata akishona gauni la harusi la kitinda mimba wake, alikwenda kliniki na jibu lake tayari mdomoni.

"Daktari, nipe antibayotiki kali. Harusi hiyo imefika, gauni halina mikono, na nikikohoa sindano inakwenda kombo!"

Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akampima joto na pumzi.

"Mapafu yako ni safi, mama. Hiki ni kifua cha virusi, na antibayotiki haiui virusi. Pumzika, kunywa vitu vya moto. Kitapoa chenyewe, ingawa kikohozi ni mgeni mzito kuaga. Ukibanwa na pumzi, homa ikipanda au ukikohoa damu, rudi mara moja."

Mama Sindano alitoka amenuna. Kupanga foleni yote ile ili aambiwe akanywe maji moto! Alipofika nyumbani akakumbuka vidonge vya antibayotiki ambavyo mumewe alivibakiza baada ya kung'olewa jino. Vilikuwa koponi, pamoja na vifungo. Kwake yeye, dawa nayo ilikuwa kipande cha kubaki. Akameza.

Kabla jioni haijafika, tumbo lilimchafuka. Ikawa kitandani, chooni, chooni, kitandani, na kikohozi kikimsindikiza kote. Cherehani ilinyamaza. Bintiye alipoambiwa kisa chote, alishika kiuno.

"Mama! Umeugua kifua, ukatibu jino la baba?"

Mama Sindano alicheka hadi akakohoa, kisha machozi yakamtoka. "Mwanangu, nilitaka uolewe ndani ya mshono wangu."

"Basi nielekeze. Mimi nitashona, wewe utazame."

Vidonge vilivyosalia vikapelekwa kliniki vikatupwe salama. Mama akajilaza kwa utulivu, kikombe cha maji ya moto na asali mkononi, akitoa amri: "Vuta uzi! Hapo umepinda, fumua!" Alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha, kwani bintiye huyu hakuwahi kukubali kushika sindano. Tumbo likatulia. Kikohozi nacho kikapungua kidogo kidogo, bila kidonge hata kimoja.

Asubuhi ya harusi alisimama nyuma ya bibi harusi, akashona kifungo cha mwisho kwa mkono wake mwenyewe, kifua kimya. Aliona mkono wa kushoto wa gauni umepinda kidogo. Hakuufumua. Aliupapasa tu, akatabasamu, maana ule ulikuwa mshono wa kwanza wa mwanawe, na kama si kujilaza na kungoja asingeuona. Hakika, subira ni ufunguo wa faraja.