Vumbi la Kigoda

Haya, sogeeni, na aliyesinzia mfinyeni, maana zimwi la ngano hii halingoji mtu aamke.

Hapo kale wafinyanzi wa bondeni walikuwa na mwenyekiti, Bi Kidawa, na makamu wake, Siwatu. Bi Kidawa alipokwenda kumuuguza bintiye, alimwachia Siwatu kigoda chake na tanuri. Lakini kwa desturi tanuri liliwashwa na mwenyekiti, basi Siwatu hakuligusa. Alishinda akipangusa vumbi la kigoda.

Siku ya kwanza zimwi likaja. "Mwenye tanuri yupo?"

"Hayupo. Ngoja arudi."

Likacheka, likameza safu nzima ya vyungu vibichi, likanenepa.

Siku ya pili likauliza vilevile, akajibu vilevile, likameza safu ya pili, likawa kubwa kama ghala. Siwatu akapangusa kigoda.

Siku ya tatu ilibaki safu moja, na nyuma yake wafinyanzi wenyewe wamejikunyata. "Mwenye tanuri yupo?"

Siwatu akatupa kitambaa, akashika kijinga cha moto. "Makamu yupo," akasema, akaliwasha tanuri.

Tanuri likanguruma. Vyungu vilivyokuwa tumboni mwa zimwi vikaanza kuiva kwa joto lake, vikalipasua, vikatoka vyekundu na vizima.

Bi Kidawa aliporudi baada ya mwezi, akamkuta Siwatu angali tanurini akichoma vyungu, akapitisha kidole juu ya kigoda. Kidole kikajaa vumbi.

"Hukukikalia hata mara moja?"

"Niwie radhi, bibi. Sikupata nafasi."

Bi Kidawa akamsogezea kigoda. "Kaa, mwanangu. Na usikipanguse."

Ngano imeiva, kila mtu abebe chungu chake.