Mitungi Saba ya Ndiga

Ukipata dakika tano, isome hadithi hii polepole, kisha mtumie mtu unayemjua ambaye wengine hula kutoka mikononi mwake.

Katika kijiji kimoja cha kusini, juu ya uwanda ambao maji yake yako mbali chini bondeni, mvua ilikosekana miaka miwili mfululizo. Mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti. Muhogo uliosalia ulifukuliwa na nguruwe pori. Porini kilibaki kitu kimoja tu cha kushibisha watu wote, nacho ni ndiga.

Ndiga ni kiazi cha mwituni. Ni kikubwa, kinajaza tumbo, na kina sumu. Watu wa kijiji kile walikikata vipande vyembamba, wakaviloweka kwenye mitungi, na kubadilisha maji asubuhi na jioni kwa siku tano. Maji mara kumi kamili. Ukitimiza, umepata chakula. Usipotimiza, umeleta msiba nyumbani. Na huwezi kutambua kwa macho wala kwa pua. Ndiga iliyo salama na ndiga yenye sumu zinafanana kabisa.

Kijiji cha jirani kilikuwa kimezika nyumba nzima, baba, mama na watoto wanne, kwa sababu ya haraka ya siku moja. Ndipo Jumbe Nandonde alipokataza ndiga isipikwe nyumbani kwa mtu yeyote. Italowekwa mahali pamoja, na msimamizi atakuwa mmoja: Bi Somoe, mjane aliyefundishwa kazi hiyo na bibi yake.

"Lakini kuna sharti," Jumbe alisema mbele ya watu. "Wewe utakula wa kwanza. Utakaa hapa tukikuona mpaka kivuli cha kinu kifike ukutani. Ukiwa mzima, watafuata wanaonyonyesha, kisha watoto, kisha sisi wengine."

"Sawa, Jumbe," alijibu Bi Somoe. "Na mimi nina langu. Asiguse mtu mitungi yangu mpaka nimesema."

Ilikuwa mitungi saba. Kila mmoja aliufunga kamba ya ukindu shingoni. Kila maji ya mtungi yalipobadilishwa, alifunga fundo moja kwenye kamba yake. Wanawake walishuka bondeni kwa zamu, wengine alfajiri, wengine alasiri, wakapanda kilima na maji kichwani na njaa tumboni, kisha wakabadilisha maji ya mitungi mbele ya Bi Somoe. Hata Arafa, binti wa Bi Somoe, alikuwa kwenye zamu, ingawa alikuwa na mtoto wa miezi minne na maziwa yake yalikuwa yanakauka.

"Wewe pumzika," mama yake alimwambia.

"Waseme binti wa msimamizi kasamehewa zamu? Hapana, mama."

Siku ya tano ilipofika, uwanja ulijaa watu tangu mchana. Watoto walikuja na vibakuli. Mzee Chilumba, mrina asali ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikaa mbele kabisa.

"Leo nitakula mpaka mnibebe," alisema. "Nimekwisha mwambia mke wangu atandike kitanda mapema."

Watu walicheka, na kicheko kile kiliwaongezea haraka. Bi Somoe alipoanza kuhesabu mafundo, wanawake wawili hawakumsubiri. Waliinua mitungi na kumimina vipande vyote juu ya jamvi moja ili vichuje maji. Alipofika kwenye kamba ya tatu, mitungi yote saba ilikuwa mitupu na ndiga yote imekwisha changanyika.

Aliendelea kuhesabu. Kamba ya nne, kumi. Ya tano, kumi. Ya sita, kumi.

Ya saba ilikuwa na mafundo tisa.

Aliihesabu tena, akipitisha kila fundo kati ya vidole viwili. Tisa. Kisha akainua uso.

"Hapa pana fundo moja limepungua," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Nadhani ni jioni ya siku ya tatu. Mjukuu wangu alikuwa analia, nikaenda kumbembeleza. Sikumbuki kama nilisahau kufunga fundo, au maji hayakubadilishwa."

"Basi lifunge sasa hivi!" Mzee Chilumba alidakia. "Au nipe hiyo kamba nikusaidie, vidole vyangu bado vina nguvu!"

Watu walicheka tena, lakini kwa wasiwasi. Jumbe alisogea karibu.

"Somoe, mafundo sitini na tisa yapo. Hilo moja ndilo litatuua?"

"Sijui, Jumbe."

"Kwa hiyo huenda hii ndiga ni salama."

"Huenda."

"Watu hawa hawajashiba mwezi wa pili huu. Tazama watoto."

Bi Somoe aliwatazama watoto. Alimtazama pia binti yake, aliyekaa kwenye safu ya wanaonyonyesha akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akashika ncha mbili za jamvi, akaliburuta peke yake mpaka kwenye shimo la takataka, akamwaga yote. Akachota majivu na mchanga, akavikoroga na vile vipande kwa mti, asije mtu akarudi kuokota.

Uwanja ulilipuka kwa kelele.

"Kalogwa huyu!"

"Ametuua kwa njaa ili asitafunwe na wasiwasi wake!"

Mtu mmoja alimrushia bonge la udongo, likampiga begani. Hakugeuka. Aliendelea kukoroga.

Hapo ndipo Arafa aliposimama. Alimpa jirani mtoto wake, akaenda kati ya mama yake na wale watu, akapiga magoti.

"Msimpige. Ni mimi," alisema. "Jioni ile niliteleza kilimani. Maji yote yalimwagika. Sikuwa na nguvu za kurudi bondeni, na niliona aibu kusema. Mama alipokwenda kwa mtoto, nilijifanya nimebadilisha. Mtungi wa saba haukupata maji mapya. Nilidhani mara moja tu haina neno."

Kila mtu alikuwa anapiga hesabu ileile kichwani. Wa kwanza kula angekuwa Bi Somoe. Angekaa pale, na huenda kile kipande kibaya kisingekuwa katika bakuli lake. Angeonekana mzima. Wa pili kula wangekuwa wanaonyonyesha, Arafa akiwemo. Kisha watoto waliokuwa wamesimama pale na vibakuli mikononi.

Jumbe Nandonde alivua kofia yake. Hakuwa amemvulia mtu kofia tangu alipotawazwa. Mzee Chilumba hakutania tena. Aliinuka, akachukua jembe, akaelekea porini kuchimba ndiga nyingine. Wanaume wakamfuata. Wanawake wakajitwika mitungi, wakashuka bondeni bila kupangiwa zamu.

Kwa siku tano nyingine watu walikula mlenda na mapapai mabichi ya kuchemsha. Zilikuwa siku ndefu, lakini hakuna aliyelalamika, na hakuna aliyegusa mtungi kabla Bi Somoe hajasema.

Ndiga ya pili ilichemshwa, ikatwangwa, ikapakuliwa na mlenda wenye chumvi kidogo. Bi Somoe alikula wa kwanza. Zaidi ya watu mia walikaa wakimtazama, kama watu walio ndani ya nyumba ya ibada. Jumbe alikaa naye kwenye jamvi moja.

"Niambie jambo moja," alimnong'oneza. "Ulijuaje kwamba ile ya kwanza ilikuwa na sumu?"

Bi Somoe alimeza tonge lake kwanza.

"Sikujua, Jumbe," alisema. "Ndiyo maana niliimwaga."

Funzo: Ukiwa na shaka na kile unachowapa watu, shaka hiyo ibebe wewe mwenyewe, usiwapakulie wenzako.